Nimeiweka Kariakoo Nzima Kwenye Simu, Na Bado!

Jamani, jamani, nishikeni! Vidole bado vinacheza vyenyewe juu ya meza, masikio bado yanavuma, na kama ulipanga kusoma jambo lingine leo, liweke pembeni kwanza. Sogea karibu nikupe habari ya kitu nilichotoka kukishika kule Kariakoo. Kinaitwa Koala. Ni programu ya simu, simu hii hii ya mkononi, kazi ya jamaa mmoja anaitwa Marek Bereza, na Mungu amzidishie. Unabonyeza kitufe na kukishikilia: inasikiliza. Unaachia: imeshanasa. Unagusa tena: ile sauti inarudi, kali, mbichi, tayari, na kuanzia sekunde ile ni ngoma yako. Basi! Somo limekwisha. Hakuna kusoma kitabu, hakuna kumsubiri mtaalamu, hakuna kuomba zamu studio. Unagusa, dunia inalia.

Na unajua nilinasa nini kwanza? Vikombe vya kahawa!

Pembeni ya Mtaa wa Kongo kuna babu wa kahawa, birika lake juu ya jiko la mkaa, vikombe viwili vidogo kiganjani, anavigonganisha kling-kling-kling, ule mlio ambao kila mtu wa mjini ameusikia tangu utotoni na hakuna anayeusikiliza tena.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nikumiminie?"

"Nimiminie, na kashata juu. Ila naomba kwanza nirekodi hivyo vikombe."

"Vikombe? Hivi hivi?"

"Hivyo hivyo, babu."

Akavigonga. Lakini si ile gonga ya kila siku, hapana, mara hii kwa madaha, mkono juu kidogo, mtu anajua anarekodiwa! Nikaachia kitufe. Nikagusa: kling. Nikagusa harakaharaka: kling, ka-ling, ka-ka-ling. Kisha nikafungua ile sehemu inayogeuza sauti yoyote kuwa kinanda, nikashuka chini, chini, chini zaidi, na kile kikombe kidogo cha kahawa kikageuka kengele nzito, pana, yenye mtikisiko unaoingia kifuani. Kikombe! Babu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakausha kidole kwenye msuli wake, akauliza kwa upole, "Na mimi naruhusiwa kugusa?" Weee! Akagusa mara moja, akagusa tena, halafu simu yangu ikawa mali yake. Wateja waliokaa kwenye fomu wakaanza kugonga miguu, mmoja akachukua kijiko na kupiga ukingo wa fomu, na mimi nimesimama pale na kashata mdomoni, sina simu, sina la kusema, nina raha isiyo na kifani. Mzee yule hajawahi kugusa kifaa cha muziki maishani mwake, alisema hivyo mwenyewe, na alikuwa anapiga kwa mdundo mzuri, wenye mapumziko, wenye maringo, kuliko mimi niliyekwenda kumwonyesha.

Na bado!

Kutoka pale sikutembea, niliruka. Kila hatua tano nasimama, nanasa. Guta limepakiwa marobota ya mitumba mpaka juu, kijana anayelisukuma anapiga kelele "Pisha mzigo! Pisha, pisha, pisha!" Nikamkimbilia alipotua, nikamwomba ruhusa, akasema, "Chukua kaka, tena ngoja nikupe nyingine kali." Akanipa nyingine kali! Nikaikata nikabakiza ile "pi" ya mwanzo tu, fupi, kavu, ya mlipuko, na nakuambia hakuna ngoma ya dukani inayopiga vile. Mlango wa basi la mwendokasi pale kituo cha Msimbazi, ule upepo wake wa pssssh: tayari. Honi ya bajaji iliyochoka, inayolia kwa kukwama: tayari, tamu ajabu. Mfuniko wa sufuria ya mama ntilie, mafuta ya moto yanapopokea viazi, nailoni inapovutwa ghafla kufunga mzigo, ile krrraaaa ya mkanda wa gundi unaozungushwa kwenye boksi linalokwenda Lubumbashi au Lilongwe. Karibu na jengo la soko kuu, lile la miavuli ya zege alilobuni msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, likaungua Julai 2021 na kujengwa upya, nilinasa makuli wakitua magunia: buuum! Hilo likawa besi yangu. Gunia la viazi ni besi, mwenzangu! Zito, lenye vumbi, lenye pumzi ya mtu aliyelibeba kwa nyuma kidogo, hiyo "hah" ambayo ukiisikia mara moja hutaki tena besi safi ya mashine.

Lakini kilichonipasua kichwa kabisa kilikuwa cherehani.

Nisikilize vizuri hapa. Fundi yuko barazani, anashona, mguu unakwenda, sindano inasema tkatkatkatkatka. Nikanasa kipande kifupi tu. Nikakiweka kijirudie. Nikaweka gunia chini yake, vikombe vya babu juu yake, "pi" ya kijana wa guta katikati. Nikasikiliza. Nikavua hedifoni, nikavaa tena. Nikatazama kulia na kushoto nione kama kuna mwingine anayesikia ninachosikia. Ilikuwa singeli! Singeli tupu, singeli ya kufa mtu, na sikuwa nimeongeza kasi hata kidogo! Mwendo wa cherehani ya fundi wa barazani ni mwendo ule ule unaorusha watu vumbini kwenye vigodoro vya Manzese na Tandale. Sasa niambie, huu muziki uliutoa wapi mwendo wake? Watu husema ni kasi ya kompyuta. Mimi tangu niguse lile tkatka nimekataa. Ile kasi ilikuwa mtaani inashona magauni muda wote huo.

Ndiyo maana programu hii imekuja mahali pake hasa, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa kwa furaha. Jiji hili halikusubiri mtu alifundishe kucheza na sauti. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku: vijana wa uswahilini na vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingine vilinunuliwa kama vitu vya kuchezea watoto, wakaviunganisha na vipaza sauti vya mdomo wa tarumbeta mpaka sauti ikapasuka, na wakaipenda ile kupasuka! Jagwa Music walifika mpaka Ulaya kwa muziki huo, wakatoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012, na mmoja wao alikuwa akipiga kigoda cha mbao kwa vijiti. Kigoda cha kukalia! Kisha kompyuta zikashuka bei, programu ya Virtual DJ ikaingia vibandani, vijana wakachukua vipande vya taarabu, wakavikata, wakavizungusha, wakavikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika, na wengine wakapitiliza 300 kwa sababu miguu ilikuwa bado inadai. Studio ya Sisso kule Mburahati, chumba kidogo tu, ikazaa mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka uliofuata Jay Mitta akaja na albamu ya Tatizo Pesa. Mwaka 2022 DJ Travella, kijana mdogo kabisa, akatoa Mr Mixondo, na watu wa Ulaya waliokuwa hawajui Mburahati iko upande gani wakaanza kujirusha wakimwagika jasho.

Vifaa vya wengine, mikono yetu! Kila mara ni vile vile: kitu kinafika hapa kikiwa na matumizi yake yaliyoandikwa kwenye boksi, watoto wa mjini wanatupa boksi.

Na ukitaka ushahidi simama popote Kariakoo dakika moja ufumbe macho. Unasikia nini? Spika za wamachinga! Kijana amejirekodi mara moja asubuhi, "jero jero jero, chagua okota, jero," na spika inazungusha siku nzima mwenyewe akipanga soksi. Hiyo ni lupu, ndugu yangu! Mbele yake kuna mwingine wa "buku buku", nyuma kuna dada wa sauti nyembamba anatangaza dawa ya panya na mende, na zote tatu zinagongana, zinapishana, zinakutana tena, na kuna mahali, pale karibu na kona ya Mtaa wa Narung'ombe, nilikuta watoto wawili wanacheza hasa, viuno na mabega, kwa kufuata dawa ya panya. Walikuwa wanacheza kabla mimi sijafika na simu yangu! Nilichofanya ni kunasa zile sauti tatu, kila moja kwenye kitufe chake, nikawapa simu. Hawakuuliza chochote. Hawakuniuliza hiki cha nini, kile cha nini. Mkubwa akashika "jero", mdogo akashika "panya", wakaanza kujibizana, jero! panya! jero-jero! pa-pa-panya!, wakacheka mpaka mdogo akakaa chini. Mwenye spika ya jero akatoka kwenye meza yake kuja kusikiliza sauti yake ikiimbishwa, akashika kichwa, akaita wenzake. Meza ikabaki na soksi peke yake!

Hicho ndicho kilichoniingia moyoni. Tulizoea kwamba ujuzi utangulie, raha ije baadaye kama mshahara. Jifunze kinanda miaka, ndipo ufurahi. Hapa raha inatangulia mbio, inakukamata mkono, na ujuzi unakuja nyuma unahema. Nilijikuta najua kukata sauti, kuipandisha, kuipanga, na sikumbuki ni saa ngapi nilijifunza. Nilikuwa nacheka tu.

Kuna lile dirisha la madoido pia, uuuwi! Unaweka kidole, muziki wote unazama majini. Unakisogeza, unakatika vipandevipande. Unaachia, unarudi umesimama wima kwa kishindo. Ukifanya hivyo mbele za watu wanapiga yowe, nakuhakikishia, nilifanya ndani ya mwendokasi iliyojaa kuelekea Gerezani na mama mmoja mwenye beseni la maboga akaniambia, "Rudisha ile ya kuzama, mwanangu." Ile ya kuzama! Tayari ana anayoipenda!

Sauti zilizokuja tayari ndani ya programu hazikunisisimua. Ni safi, ni nzuri, na ni za kila mtu. Usizishughulikie. Toka nje. Gunia moja la Kariakoo linazishinda zote.

Na tamu nyingine: hailambi bando! Unanasa, unakata, unapanga bila intaneti kabisa. Kwa sisi ambao bando linakwisha katikati ya video ya kuchekesha, hiyo ni rehema. Inalipiwa mara moja mwanzoni, ndiyo, lakini kama mfuko umekaza usinune, maana nimekuwekea BandLab, watu wa Singapore, bure, na ndani yake kuna sampla ya kunasa sauti vile vile. Si nyepesi mkononi kama Koala, vidole vinatafutatafuta kidogo, lakini ina utamu wake wa peke yake: unafungua hata kwenye kompyuta ya dukani, unahifadhi kazi yako mtandaoni, halafu mwenzio anaifungua alipo na kuiendeleza. Nilirusha cherehani yangu kwa rafiki aliyeko Muscat. Rafiki huyo ana udi! Kabla sijamaliza kula, kazi imerudi, na juu ya tkatka ya fundi wa Kariakoo kuna nyuzi za udi zinapanda taratibu, taratibu, hazina haraka kabisa, na ule uvivu wa nyuzi juu ya ule wazimu wa sindano... nilisimama. Nilisimama kabisa, kijiko mkononi. Kwa miaka mingi hapa Kariakoo ndipo palipokuwa mlango: ukitaka kaseti yako iende mikoani, umtafute msambazaji, umbembeleze, akubali au akukatalie. Leo gunia la viazi limekwenda Muscat na kurudi na udi kabla ubwabwa haujapoa!

Na bado, na bado! Nyumbani nikamkuta mpwa wangu, ana umri wa kuuliza "kwa nini" bila kukoma, nikasema huyu simpi Koala, ataifuta kazi yangu. Nikamfungulia Chrome Music Lab, ule uwanja wa kuchezea sauti ambao Google waliuweka mtandaoni mwaka 2016, unaofunguka bila kujiandikisha. Kuna chumba kimoja mle kinaitwa Kandinsky, jina la yule mchoraji wa Urusi. Unachora kwa kidole, mchoro unaimba! Mstari wa kupanda unapanda sauti, mstari wa kushuka unashuka. Mpwa akachora duara, na duara likaota macho, likafungua mdomo, likaimba. Akapiga ukelele ambao jirani alikuja kuuliza kuna nini. Jirani akakaa. Jirani akachora. Nikamwambia mpwa achore ndege mwenye mkia mrefu na madoa, kama wale wa michoro ya Tingatinga unaowaona Msasani, na yule ndege akaimba mkia wake wote, doa kwa doa, tin, tin, tin, mpaka mwisho. Nilitaka kumnyang'anya simu, nasema kweli. Niliona wivu wa mchana kweupe kwa mtoto ambaye ataanza maisha akijua kwamba picha ina sauti.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe, unayesema huna kipaji. Nenda Mtaa wa Aggrey kama simu yako imekufa kioo, watakutengenezea ukisubiri, na hata wakati unasubiri nasa ile bisibisi inayodondoka kwenye kigae, ting!, ni dhahabu. Chaji iwe imejaa. Simu ishike kwa mikono miwili, tena kwa imani, maana vibaka nao wanapenda vitu vizuri. Na omba ruhusa, tafadhali sana, omba. Sauti ya mtu ni yake. Kila niliyemwomba alinipa zaidi ya nilichoomba, akasafisha koo, akajiweka sawa, akarudia vizuri zaidi; muuza maji akanipa mpaka mluzi ambao sikujua kwamba anao, mrefu, mwembamba, unaopinda mwishoni, nimeuweka juu kabisa ya wimbo na kila anayeusikia anauliza ni filimbi gani ile.

Usinase nyingi sana mwanzoni. Nne zinatosha: moja nzito, moja kavu, moja inayong'aa, na sauti moja ya mtu. Hizo nne zikikaa vizuri utashindwa kulala. Rafiki yangu mmoja, Mwananchi wa Yanga damu damu, alisikia nimenasa matarumbeta ya mashabiki wa Simba pale makao makuu yao Mtaa wa Msimbazi, akanuna, akanivuta mpaka Jangwani nikanase na ya kwao. Nimezipanga, ya huku kushoto, ya kule kulia, zinatukanana kwa mwendo wa cherehani, na ni burudani ambayo sijawahi kuisikia kwenye redio yoyote!

Sijalala vya kutosha na sijali. Kesho alfajiri nakwenda Feri, soko la samaki, wakati mnada umechemka. Umewahi kumsikiliza mnadi wa pale? Anapandisha bei kwa pumzi moja, hatui, hamezi mate, na samaki wanatupwa mezani pa! pa! pa! huku maji yanamwagwa na ndoo zinaburutwa kwenye sakafu iliyolowa. Sauti hizo nimeshaziachia vitufe vyake, vitupu, vinasubiri. Njoo na hedifoni zako na viatu vya kulowa, nitakuwa upande wa mnada wa dagaa, mtu mwenye simu hewani na meno yote nje. Mnadi wewe utamshika, mimi nataka ndoo!